Siku ya Kuondoa Tanga

Juzi jirani zangu walikuwa wakikunja mikeka ya msiba, na harufu ya ubani ikanirudisha nyumbani kwetu Malindi. Baba yangu, seremala aliyeingia uaskari, tuliambiwa ameuawa vitani Tanga. Siku ya tatu bibi akasema, "Leo twaondoa tanga."

Nilifurahi kweli kweli. Tanga ndiko kulikomzuia Baba. Ikiondolewa, atarudi tu. Kwamba tanga la msiba si mji, nilikuja kujua ukubwani. Nikavaa nguo yangu ya Idi, nikakaa kizingitini.

"Wamngoja nani, mwanangu?" bibi akauliza.

"Baba. Si mnaiondoa Tanga?"

Bibi akaitazama mikeka iliyokwisha kukunjwa. Akachukua mmoja, akaukunjua pale mlangoni, akakaa kumngoja pamoja nami.