Fundi Turubai Aliyelegeza Tanga

Nyamizi binti Mageni hushona maturubai. Ukipita kwenye maduara ya wachimbaji wadogo upande wetu wa Geita, ukaona turubai limevutwa juu ya mdomo wa shimo mpaka ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma, hilo ni lake. Mvua haipati pa kutuama juu yake. Kazi hiyo alijifunza Nyasubi, Kahama, kwa fundi mmoja mkali ambaye akiona kunyanzi moja tu hufumua kazi yote.

Baba yake alikuwa mdogo wangu. Nyumbani kwetu karibu na Kolandoto, Mageni ndiye aliyeongoza kundi la kulima kwa ngoma, na mimi ndiye niliyeipiga. Wanaume na wanawake walijipanga mstari mmoja, majembe yakapanda pamoja, yakatulia hewani kidogo, yakashuka pamoja. Shamba la mjane lililimwa kabla jua halijawa kali, na hakuna aliyesema amechoka, kwa sababu ngoma haikumpa nafasi ya kusema. Nyamizi alikuwa bado mdogo alipoingia mwishoni mwa mstari huo na jembe lililokatwa mpini.

Siku hizi magugu yanauawa kwa dawa ya chupa. Bugobogobo, ngoma yetu hiyo ya kulima, imebaki ya kuchezewa wageni wenye kamera, majembe yamepakwa rangi, na anayelizungusha jembe hewani hajawahi kuligusisha udongo. Mageni alikufa kabla ya kuyaona hayo. Nilipobaki peke yangu, Nyamizi akaja kunichukua, nikahamia kwake huku ziwani.

Nako nilikuta kilichokufa. Nilipofika ziwa hili ujanani, mitumbwi ilikwenda kwa tanga. Sasa kila mtumbwi una injini, na kijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, hajui upepo unatoka wapi mpaka moshi wa injini yake umrudie usoni.

Kwa hiyo sikuutegemea mchezo huu wa tanga. Mhandisi mmoja wa migodini alipohama aliacha kwenye banda la mwaloni mbao za kutelezea zenye matanga. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga kwa mikono miwili, upepo unakupeleka. Vijana wakaunda klabu, na mwalimu Cornel akawa anakuja kutoka Mwanza kuwafundisha. Tanga moja lilipochanika wakamwita Nyamizi alishone. Alilishona, akaomba alijaribu, akaanguka majini mpaka jioni. Kesho yake akarudi. Alikuwa na watoto wawili na cherehani mbili, lakini akarudi.

Mwaka huu Cornel alitangaza kwamba klabu itapeleka mtu mmoja tu kwenye mashindano ya Mwanza, yule atakayeshinda mbio za kwetu: kutoka ufukweni mpaka boya na kurudi. Sijawahi kumsikia Nyamizi akitaka kitu kwa sauti. Siku ile alisema, "Baba mkubwa, hii nafasi naitaka."

Kanuni ilikuwa moja. Ubao na tanga utakalochagua jioni ndilo utakalopanda asubuhi. Jioni ile ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo, na Thobias, fundi wa injini za mitumbwi, alikuwa anapita juu ya maji kwa ubao mwembamba wanaouita kisu. Wote wakakimbilia mbao nyembamba na matanga madogo.

Nyamizi alisimama bandani muda mrefu. Mbio zilikuwa za asubuhi, na asubuhi kwetu, upepo wa nchi kavu ukishakufa na wa ziwani haujaamka, kinachobaki ni pumzi tu. Cornel alikuwa amewafundisha wote: kwa pumzi kama hiyo chukua ubao mpana wenye mkia mpana, pezi refu la chini, na tanga kubwa. Ubao mwembamba utazama na kulima maji. Mpana utainuka mapema na kuanza kuteleza juu yake. Kuinuka huko wao wanakuita kupaa. Anayepaa kwanza, wengine wanabaki kumwangalia mgongo.

Akauburuta ubao mpana kuliko yote. Mama Blessing, anayekaanga sangara pale mwaloni, akaacha mafuta yakiungua.

"Nyamizi! Mlango wa nani huo? Mwenye nyumba leo analala wazi?"

"Analala kwako, Mama Blessing. Mfunikie."

"Na tanga hilo sasa? Dada, utaanikia dagaa wa mwalo mzima," Thobias akasema.

"Wa kwako ntawaweka pembeni, wasichanganyike na wenye uzito wa kupimwa."

Walicheka, naye akacheka. Kisha akainama kulifunga tanga lake, akalivuta chini na nyuma mpaka kamba zikalia. Lilinyooka bila kunyanzi hata moja. Niliona fahari mikononi mwake, na mimi nikaona fahari pia.

Asubuhi maji yalikuwa na mikwaruzo midogo tu ya upepo. Nyamizi aliingia kujipasha kabla ya wengine. Ubao mpana ukaenda kama ng'ombe mwenye mimba. Akavuta tanga, akaegemea, ukaendelea kulima. Thobias alipomfuata kwa kisu chake naye hakupaa, lakini hilo halikumsaidia Nyamizi. Akarudi ufukweni na uso umekunjamana.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Vipi?"

"Tanga limekufa. Nimechagua kila kitu kama mwalimu alivyosema, na limekufa."

Alimtazama Cornel, lakini Cornel ndiye aliyekuwa mwamuzi siku hiyo. Aligeuzia uso wake ziwani, na alifanya vizuri. Nyamizi akakaa mchangani, akaliangalia tanga lake lililonyooka. Upepo ulikuwa unaligusa na kuteleza, kama mvua kwenye turubai la duarani.

"Baba mkubwa," akasema polepole, "nimefunga turubai."

"Umefanyaje?"

"Turubai halitakiwi kushika kitu, mvua iteremke, upepo upite. Hili linatakiwa lishike. Halina tumbo!"

Akashika kamba ya chini. Mkono ulisita. Mtu aliyefunzwa Nyasubi kuogopa kunyanzi hailegezi kamba kirahisi. Kisha akailegeza, na ya nyuma pia, na mikunjo ikatokea kwenye tanga kando ya mlingoti, mibaya, mbele ya watu wote.

"Ee! Leo fundi kashona makunyanzi!" Mama Blessing akapiga kelele.

Nyamizi akausukuma ubao majini. Filimbi ikapigwa.

Walitoka pamoja, wote wakilima maji. Halafu pumzi moja ya upepo ikaja. Tanga lake likajaa kama shavu, ubao ukasita katikati, haujainuka na haujazama. Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu Mageni. Nyamizi alianza kulivuta tanga kwake na kuliachia, kulivuta na kuliachia. Wenzake nao walivuta, maana Cornel aliwafundisha, lakini walivuta kwa haraka na hofu. Yeye alipandisha, akatulia kidogo, akashusha kwa mwili mzima, kuanzia unyayo. Ule utulivu mdogo wa juu niliujua. Nilikuwa naupigia ngoma.

Nikajikuta napiga ndoo ya Mama Blessing kwa viganja viwili.

"Mzee, ndoo yangu!"

"Nyamaza, mama. Watu wanalima."

Ubao ukainuka. Sauti ya kulima maji ikakatika, ikabaki mluzi mwembamba, na Nyamizi akaondoka. Alizunguka boya wakati Thobias akiwa bado anapigana na kisu chake. Upepo wa ziwani ulipoamka na kisu kikaanza kuruka, yeye tayari alikuwa anarudi, na aligusa mchanga akiwa na nafasi ya kugeuka kumtazama mwenzake akija.

Thobias alishuka akampa mkono. "Mwanza ni kwako, ng'wana Mageni."

Yeye alisema jina hilo, mtoto wa Mageni, kwa utani tu. Mimi niligeuka kando kidogo, macho yangu ya kizee hayapendi mwanga wa maji.

Mchana wachimbaji walimwita, turubai la duara lao limechanwa na upepo. Nilimfuata nikimbebea kamba. Alilishona, akaliweka juu ya miti, akaanza kulivuta.

"Tahadhari," nikamwambia. "Liachie tumbo."

Akacheka, akaongeza nguvu mpaka kamba ikalia, akaligonga kwa kidole.

"Hili ni la kukaa, Baba mkubwa. Halitakiwi kupaa."