Tulifungiwa Ndani ya Boma kwa Sababu ya Swali Moja

Wanawake wa boma zima walikaa mlangoni wakatufungia ndani. Kosa letu lilikuwa swali moja tu.

Naitwa Nashipai. Nimeishia la saba. Nafanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja Karatu mjini, na binti yake, dada Ndeshi, anasoma shahada ya pili Arusha.

Kipindi hicho dada alikuwa amekonda kwa mawazo. Kila akipeleka andiko lake la utafiti, msimamizi wake, Dokta Herbert, analirudisha. Anamwambia umekusanya maneno ya watu, lakini wewe unatafuta nini?

Dada alitaka kuandika kwa nini wanawake wengi wa Ngorongoro wanajifungulia nyumbani, wakati zahanati ipo. Jumatatu alitakiwa aliwasilishe mbele ya walimu. Likikataliwa tena, chuo basi.

"Nashi, wewe ni wa kulekule," akaniambia. "Nipeleke. Nikiwauliza wenyewe, tatizo la utafiti si litajitokeza?"

Mimi ni nani nimkatalie.

Tukapanda na gari la kukodi mpaka Nainokanoka, kwenye boma alikoolewa shangazi yangu Naipanoi. Siku ya mnada, wanaume wote wameshuka na ng'ombe. Ukungu mzito, baridi ya kung'ata masikio.

Tukakaribishwa nyumbani kwa koko Resiato, bibi mkubwa wa boma lile. Chai ya maziwa ikamiminwa.

Kikombe hakijafika mdomoni, dada akatoa simu ya kurekodia.

"Waulize, kwa nini hawaendi kujifungulia zahanati?"

Nikatafsiri.

Vikombe vikawekwa chini.

Kwetu mgeni anakula habari kwanza. Anaeleza ametoka wapi, amepita kwa nani, na huko wamesema nini. Habari zikiisha ndio anataja shida yake. Nilikuwa nimemwambia njiani, akasema hatuna muda.

Koko Resiato akacheka, ila macho hayakucheka. "Huyu ni wa ngapi?"

"Koko, tulishapoteza hesabu," shangazi akasema. "Wanakuja kama viroboto wa masika."

Wanawake waliokuwa nje wakasogea, wakakaa mlangoni bega kwa bega. Mlango wa nyumba ya Kimasai mnaujua, mwembamba halafu una kona. Hapiti hata paka.

"Mwambie," koko akaniambia, "waliomtangulia walikuja na swali hilohilo, wakaenda kuandika. Sasa atupe habari. Waliandika nini? Zikiisha, atatoka."

Dada akanishika mkono. "Nashi, wanatania?"

"Hawatanii, dada."

"Mpigie dereva."

"Dereva mwenyewe wamemkalisha huko, anakunywa chai."

Aisee. Moshi unawasha macho, ndama anahema kwenye kizimba ubavuni mwangu, mwanga ni wa kale katundu ka ukutani tu. Na mimi niko katikati. Huku mama zangu, huku wanaonilisha. Neno likienda kombo, la kwangu.

Dada akainua simu yake. "Walioandika ninao humu kwenye simu. Ndiyo mapitio yangu ya maandiko."

Akaanza kusoma. Huyu kasema wanawake wanakataa zahanati kwa sababu ya mila. Huyu kasema mila. Yule kasema mila na elimu ndogo.

Kila nikitafsiri, mlangoni unatoka mguno.

"Huyo wa pili alimuuliza nani?" koko akadakia.

Dada akatafuta. "Hakuuliza. Amenukuu mwenzake."

"Na wa tatu?"

Akasogeza kidole kwenye kioo. Akasita. "Naye... kamnukuu huyohuyo."

Nikamwona anabadilika. Jasho lipo, lakini hofu imemtoka. Kidole kinapanda juu, kinashuka chini, midomo inacheza. Siku zote alikuwa amewapanga wale watu kama magunia ghalani, mmoja juu ya mwingine. Leo ndio anafuata nyayo zao.

"Nashi, wote wanarudi kwenye utafiti mmoja! Na ulifanyika hapahapa!"

Nikatafsiri. Koko akaitikia kwa kichwa.

"Huyo namkumbuka. Ana miwani, anakohoakohoa. Mkalimani wake alikuwa Lesiamon, aliyemuoa binti yangu."

Wanawake wakashika vinywa.

Ikabidi nimweleze dada. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana mpaka wanakwepana. Hawakai nyumba moja, sembuse kuzungumza habari za uzazi! Koko akaongeza kwamba Lesiamon alipoinama kuingia, yeye alitoka, na wanawake wenzake wakamfuata.

"Sasa nani alijibu maswali?" dada akauliza.

"Wazee," koko akasema. "Walikaa hapo ulipokaa. Wakaeleza habari za matumbo yetu huku wanakunywa chai yangu."

Mlango mzima ukaangua kicheko.

Dada hakucheka. "Hapa imeandikwa, wanawake walisema." Akawasha tena simu. "Basi koko, nijibu wewe. Kwa nini hamwendi?"

"Bado. Umeona habari zinapoishia. Nenda kawaambie wakubwa zako kwamba sisi hatujaulizwa. Wakikubali, urudi, tutakujibu."

Wakasimama, wakakung'uta shuka. Njia ikawa wazi.

Nilidhani yameisha. Kwenye gari nageuka, dada analia.

"Si umepata? Unalia nini?"

"Nashi, aliyeandika ule utafiti wa kwanza ni Dokta Herbert."

Hapo ndipo kifungo chenyewe kilipoanza. Akisema, anamvua nguo atakayempima. Akinyamaza, hana tatizo la utafiti la kuwasilisha. Wikiendi nzima anazunguka sebuleni kama kuku aliyefunikwa tenga. Chakula napeleka, narudisha.

Jumatatu akawasha kompyuta palepale sebuleni. Nyuso za walimu zikajipanga. Mimi nimekaa pembeni, sionekani.

Dada akasoma: "Waliotangulia wanakubaliana kwamba chanzo ni mila. Wote wanategemea utafiti mmoja. Katika utafiti huo, waliojibu ni wanaume. Kwa hiyo sababu za wanawake wenyewe bado hazijulikani. Hilo ndilo ninalotafuta."

Dokta Herbert akakohoa. "Una uhakika wa hayo?"

"Mkalimani wako alikuwa Lesiamon, Dokta?"

"Ndiyo. Kijana mzuri sana."

"Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe wake."

Nikashika kichwa. Moyoni nikasema, dada kafukuzwa.

Dokta akavua miwani. "Niliwaona wanatoka," akasema polepole. "Nikadhani ni aibu za kina mama. Sikuuliza."

Kisha picha yake ikazimika.

Waliobaki wakateta, wakalipitisha andiko. Dokta aliomba dada apewe msimamizi mwingine. Hakumfanyia ubaya wowote, ila mpaka leo wakipishana chuoni wanaangaliana viatu.

Jamani, mtu akikuambia "wote wanasema hivi", usitosheke. Mfuate mmoja mmoja mpaka kwa yule wa kwanza aliyesema. Ukifika hapo, uliza ni nani siku hiyo alitoka nje.