Pima Maji Niliyomnunulia Baba

Baba yangu ni mwashi, na mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nyoofu. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata usingizini hulala amenyooka.

Pima maji yake ya kwanza, kile chombo kinachoonyesha kama ukuta umenyooka, ilikuwa ya kampuni inayoheshimika, na alidumu nayo miaka kumi na tisa. Siku moja ikaanguka kutoka jukwaani, kile kioo chenye kiputo kikapasuka, maji yakamwagika. Aliirudisha nyumbani imefungwa ndani ya shati lake na siku hiyo hakula.

Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kuuza dawa, nimepata mshahara wa kwanza. Dukani nikaonyeshwa pima maji mbili, rangi moja, urefu mmoja. Muuzaji, na huyu simsingizii, aliniambia waziwazi: "Dada, hii ndiyo yenyewe. Hiyo nyingine ni feki. Kwa kazi ya maana usiichukue." Nikaona anataka kunikamua tu. Kiputo ni kiputo, nikajisemea. Nikachukua feki, na kwa pesa iliyobaki nikanunua viatu. Mjanja mimi!

Waashi hawatumii pima maji mpya kabla ya kuigeuza. Unailaza mezani, unasoma kiputo kiliposimama, unaigeuza upande huu uwe ule, unasoma tena. Kiputo kikihama, chombo ni kibovu. Baba aliwahi kumrudisha nyumbani fundi mzima kwa kusahau hilo. Lakini yangu aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kiganja, akawapitishia majirani waione. "Mwanangu huyu," alisema, "kaninunulia ile yenyewe." Hakuigeuza. Kuigeuza mbele yangu ingekuwa kunishuku.

Wakati huo alikuwa amekabidhiwa waashi wote kwenye jengo la shule mpya, cheo alichokisubiri maisha yake yote. Timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni, alikuwa ameiacha zamani, upepo unaichezesha. Akapandisha vyumba vitatu kwa zawadi yangu. Milango ilipofungwa kwenye fremu, ikawa inafunguka yenyewe. Unaurudishia mlango, unageuka, uko wazi. Mafundi wakacheka, wakasema chumba kina mashetani. Msimamizi wa ujenzi hakucheka. Alishusha timazi kutoka juu, na chini ikaning'inia vidole viwili mbali na ukuta.

Kuta zilibomolewa mchana kweupe, na Baba alisimama pale pale akitazama. "Macho, bwana," akamwambia msimamizi. "Macho yangu yamekwisha." Wakamwamini. Nani atampa ukuta mwashi asiyeona? Siku hizi anawachanganyia saruji watu aliowafundisha kushika mwiko. Bado wanamwita Nyoofu, ila wanalitamka huku wameinamisha kichwa upande, kisha wanacheka. Nawachukia, na najua sina haki ya kuwachukia.

Juzi nilikuwa nafagia chumbani kwake nikaikuta ile pima maji chini ya kitanda. Nikailaza mezani, nikaigeuza. Kiputo kikahama. Nikamfuata uani alikokuwa ananawa.

"Baba, macho yako yana nini?"

"Hayana kitu. Uzi bado natunga kwenye sindano."

"Sasa kwa nini uliwaambia yamekwisha?"

Aliendelea kusugua saruji iliyoganda kwenye kucha. "Ningetaja pima maji, wangeniuliza nani kanipa. Wenye duka wamekutapeli mshahara wako wa kwanza, halafu mimi nikuanike mbele za watu? Hapana." Akaniangalia kwa huruma. "Usijilaumu, mwanangu. Wewe ungejuaje?"

Nilifungua mdomo nimwambie.

"Kweli, Baba," nikasema. "Walinitapeli."