Mlango wa Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto, hakuna mgeni aliyefika nyuma ya nyumba yetu bila kujikwaa. Nyumba ilikuwa Songambele, wilayani Kyerwa, na hatua chache kutoka mlango wake wa nyuma, pale migomba ilipoanzia, palikuwa na jiwe la kuzuia maji ya mvua, limefichwa na majani makavu. Sisi wa nyumbani tuliliruka bila kulitazama, kama mkono usivyopotea njia ya kinywa hata gizani. Wageni walilipiga teke wakalilaani, nasi watoto tukacheka.

Kwa mlango huo ndiko alikotokea baba mdogo Kamugisha, siku alipoondoka. Nilikuwa mdogo mno kuikumbuka sura yake. Yaliyotokea niliyapata kwa kusimuliwa. Aliacha seminari akataka kwenda kuishi pwani, na baba yangu, aliye kaka yake, akamwambia kwa hasira: "Ukitoka kwa mlango huo, usirudi." Akatoka. Ikapita miaka minne bila barua.

Nilipotimiza miaka tisa, baba alianza kuikarabati nyumba. Aliziondoa kuta za udongo moja baada ya moja, akajenga kwa tofali za kuchoma, akafungua mlango mpya wenye baraza lililoelekea barabarani. Ule wa nyuma aliamua kuuziba, apate chumba cha ziada. Bibi, mama yake, alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Byamungu, mlango wa aliye safarini hauzibwi. Ukiuziba, njia yake hufa."

"Mama, njia haifi. Akija ataiona barabara, ataona mlango mpya, atabisha hodi."

"Mwana wa nyumba habishi hodi kwao," akasema Bibi, akatupa ganda.

Baba alicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa shuleni tulikuwa tumeanza kuzicheka imani za wazee. Jumamosi ile ukuta ukakamilika, umenyooka kama mstari wa daftari.

Wiki tatu baadaye, alasiri, nikiwa peke yangu uani nikipukuchua maharage, mtu mwenye ndevu na begi begani alitokea kwenye migomba. Hakuniona. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya tofali, pale pale palipokuwa na komeo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Hapa si palikuwa na mlango?"

"Umezibwa."

"Nani kauziba?"

"Baba. Anasema hakuna tena mtu wa kuutumia."

Baba hakuwahi kusema hivyo. Niliyatunga papo hapo, nikitaka kumjibu mgeni kikubwa. Yule mtu aliinamisha kichwa polepole, kama anayekubali hukumu. Akatoa begini kifurushi cha gazeti. "Mpe bibi yako. Mwambie akiloweke kwanza." Kisha akarudi alikotoka.

Bibi aliporudi kutoka kwa jirani, pua yake ilitangulia kuingia.

"Koku, kuna nini humu? Panya kafia wapi?"

"Ni zawadi yako, Bibi. Kaileta mtu wa ndevu, simjui."

Alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na kipande cha papa mkavu, samaki ambaye Songambele hakuna aliyewahi kumtia chunguni. Bibi alikigeuza mkononi, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau:

"Alipoondoka, alijikwaa?"

Nikafikiri. "Hapana. Aliliruka jiwe."

"Alilitazama?"

"Hakulitazama."

Bibi aliketi chini kwanza. Ndipo akapaza sauti ambayo sikujua kwamba anayo: "Byamungu! Mwanangu kafika kwao kakuta ukuta!"

Baba aliyekuwa barazani alitupa mwiko wa kupigia lipu, akamwomba jirani mwenye pikipiki ampeleke Rubwera, kwenye stendi ya mabasi. Alimkuta nduguye ameketi ndani ya basi dogo lililobakiza abiria wawili tu lijae. Hadi leo, gari likichelewa kujaa, wenzangu hulalamika, mimi silalamiki.

Walirudi wamepakiana na mwenye pikipiki, watatu juu ya kiti kimoja, mshikaki. Baba mdogo alipoweka mguu barazani, Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huku ni kwa wageni. Ulikotokea ndiko utakakoingilia."

Baba aliutazama ukuta wake wa wiki tatu. Alichukua nyundo na tindo, akaanza kugonga, na baba mdogo akaketi juu ya lile jiwe kumngoja.

"Kaka, ukuta wako mgumu."

"Nilitia saruji nyingi."

"Kumbe ulinikusudia kweli!"

"Nyamaza, au njoo ushike nyundo wewe."

Bibi ndiye aliyecheka wa kwanza. Katika maisha yake yote baba hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa maneno, ila naamini alasiri ile aliomba, pigo kwa pigo, mpaka tundu likamtosha mtu aliyeinama. Baba mdogo akaingia kwao na vumbi la tofali kichwani. Yule papa alitushinda sote. Bibi pekee alimla, akasema ni mtamu, naye kwa kawaida hakuwa mwongo.

Sasa ni mimi ninayeishi pwani, katika mji mdogo uliotulia, nami nakarabati nyumba. Jana fundi alisimama uani, akaugonga mlango wa nyuma kwa kidole. "Mwalimu, huu tuuzibe. Hauna kazi."

Kwa mlango huo mwanangu alitoka mwaka jana, na maneno niliyomrushia mgongoni yalifanana mno na yale ya baba yangu. Zamani nilidhani Bibi aliogopa mizimu itakayompoteza msafiri. Leo naona kwamba njia ya mtu haihitaji mizimu ili ife. Yatosha ukuta, na mtoto mwenye jibu jepesi.

Nilimwambia fundi abadilishe bawaba, mlango auache. Akatii, ingawa aliguna. Nikaketi kizingitini nikimtazama, nikidhani nimeitimiza hekima ya Bibi, mpaka nilipokumbuka kwamba hata siku ile ilimlazimu baba kupanda pikipiki.

Nikaingia ndani, nikatafuta namba ya mwanangu.