Nilitaka nyumba ipate nafasi, nikavunjwa mkono

Admin, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, maana Mji Mkongwe ukipiga chafya chumba hiki, mtaa wa tatu wanakuombea dua.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nna mtoto mmoja wa kike wa miaka sita. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umo kwenye plasta. Mkiona herufi zimepotea nisameheni, na wenye kucheka wacheke upesi tuendelee.

Tulikuwa tunakaa chini kwenye nyumba ya urithi ya ukoo wa mume wangu: ukumbi, chumba kimoja na ua mdogo wa kupikia. Kuta nene, mchana unawasha taa. Kubomoa hakuna, nyumba ina warithi wengi na kuta za huku hazigusiki bila ya kibali. Mume wangu ni dereva wa watalii, yeye anashinda kwenye upepo wa ufukweni Kendwa, anarudi kulala tu. Mie na mwanangu ndio tuliokuwa tukigongana na makabati kutwa.

Nikaamua kuitanua kwa akili. Kabati la vyombo nikalipeleka juu kwa wifi yangu. Magodoro ya wageni nikayasukuma chini ya kitanda. Kuta nikazipaka chokaa mwenyewe, pazia zito la mlangoni nikaliondoa. Mwisho nikatoa kioo kirefu nilichopewa harusini, nikakiegemeza mshazari kwenye kona ya ukumbi, pale njia inapopinda kwenda uani. Wanaozijua nyumba zetu wanaijua kona hiyo. Imewekwa makusudi, aliyesimama nje aone ukuta tu, wanawake wa ndani wabaki na sitara yao. Basi mwanga ukakata kona ukafika mpaka uani. Mwanangu akawa anakimbia huku na huku, ananiuliza, "Mama, tumehama?" Hata baba yake aliporudi alisema pamekuwa pazuri. Nilifurahi, wallahi.

Sasa, mkabala na mlango wetu ipo baraza, wanaume wanakunywa kahawa. Mchana mlango nnauacha wazi upepo uingie, kama kila mtu, si kona ipo?

Siku hiyo jirani yangu alinisuka mtindo wa twende kilioni. Nikashinda uani kichwa wazi, nakuna nazi. Baada ya sala ya alasiri mume wangu akapita barazani, mmoja wao akamwambia mbele ya wenziwe, "Shekhe, mkeo twende kilioni imemkaa." Mie nikitoka ni buibui na ushungi, hata unywele mmoja hauonekani. Kazionea wapi nywele zangu?

Mume wangu aliingia bila ya salamu. Akazikusanya nywele zangu kwa mkono mmoja, akaniinua nazo kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Nani kakiona kichwa chako?"

"Mwanao, na aliyenisuka."

Kofi la kwanza lilinipasua mdomo. "Na fulani wa barazani kajuaje? Anaingia humu saa ngapi?"

"Haingii mtu. Niulize kwanza, kisha ndio unipige."

Akanibamiza uso ukutani, chokaa yangu nyeupe ikapata damu. Mwanangu alisimama mlangoni mwa chumba anapiga ukelele. Nikaanguka, akawa ananipiga mateke ya mbavu, na mie nimelala pale nikainua macho kwenye kioo. Nikawaona. Baraza nzima, vikombe mkononi, wananitazama. Hapo ndipo nilipojua nywele zangu wamezionea wapi. Na hakuinuka hata mmoja.

N'kamwambia, "Tazama kioo."

Akatazama, wakaonana macho kwa macho, yeye na wao. Nilidhani ataona haya aniache. Alichukua mchi wa kinu akaenda akakivunja kioo, kisha akarudi kwangu na mchi ule ule. Nikakinga kichwa kwa mkono. Mfupa niliusikia ukikatika kabla sijasikia maumivu. Akaendelea na meza, vyombo, televisheni, makochi akayachana kwa kisu. Aliyenitoa ni yule jirani aliyenisuka, aliingia na mwiko wa ugali anamwambia, "Muache, utaua mtu wewe." Alimpiga nao wa uso. Mungu amlipe.

Sasa nipo Makunduchi kwa wazee wangu. Mtoto, mume wangu kamzuia. Katuma watu kusema nikirudi nitamkuta mwanangu, nikienda kushitaki nisimtafute tena. Ami yake ndiye aliyekuja.

"Mwanangu, bwana kapata wivu, na wivu ni mapenzi," akaniambia. "Nawe uliivua nguo nyumba."

Nikamjibu, "Ami, heshima yako naijua. Lakini kioo hakikuvunja mkono wangu."

Baba akanikata jicho. Anataka nirudi plasta ikitoka, anasema aibu hii ikifika mahkamani itasomwa kisiwa kizima. Mama analia tu. Mie najua akiinua mchi mara ya pili sitauwahi kuukinga. Na najua mwanangu yumo mle peke yake na aliyeuinua.

Jana wifi yangu aliiba nafasi akanipigia, akampa mtoto simu. Nikamuuliza hali.

"Mama, nyumba imekuwa kubwa," akasema. "Hamna kitu. Nikikuita ukumbini, sauti inarudi."

"Baba yuko wapi?"

"Kakaa mlangoni. Kaufunga."

Tangu jana sijala. Nirudi ndani nikamtoe mwanangu, au niende mahkamani nimuache mle mpaka waamue? Enyi wenye watoto, niambieni, nifanye nini? Na nyie mliokuwa barazani siku ile, najua mnasoma hapa. Nyie msinishauri kitu.