Upande wa Sikio Zima

Mama jirani hushika rimoti kwa mikono miwili, kama kikombe kilichojaa pomoni. Besi ameikata kabisa, sauti za watangazaji amezipandisha, na ile spika ndefu ya chini ya televisheni ameisukuma kushoto mpaka ncha yake inaning'inia nje ya meza. Mwenyewe hukaa kiti cha upande wa kulia, shingo kaipinda, akitega sikio. Habari ikisomwa, huirudia kwa sauti ya juu: "Umesikia? Mvua tena!" Kisha hukunjakunja ncha ya mtandio wake.

Jana, kiherehere changu hicho, nikamwambia, "Mama, sauti imeelemea upande mmoja." Nikaisogeza spika katikati, nikarudisha besi, muziki wa taarifa ukajaa chumba kizima sawasawa. Alisikiliza kwa makini, kiganja chake kikipapasa mkono wa kiti cha kushoto, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu tumzike mumewe.

"Imetulia kweli, mwanangu, ahsante," akasema kwa upole. "Sasa irudishe ilikokuwa. Sikio lake zima ni la kushoto."