Sauti Yangu Kwenye Spika za Gari

Nichekeni tu, hata mimi najicheka. Juzi nilijitolea kumpeleka mzee Chidawali kutoka Bahi hadi hospitali mjini Dodoma, akatazamwe goti. Ni baba yake Subira, binti ninayetaka kumwoa, na nilitaka anizoee kidogo kabla sijatuma mshenga.

Kabla hatujaondoka uani kwake, akaitazama saa ya gari. "Mbona inasema saa kumi jioni, na sisi ndiyo kwanza tumekunywa chai?"

"Hiyo ni saa ya Japani, baba. Naiweka sawa sasa hivi," nikajibu kifundi, ingawa maandishi yote yalikuwa ya Kijapani na sijui hata herufi moja.

Nikabonyeza hapa, skrini ikazima. Nikabonyeza pale, ikawaka mwanga wa kuumiza macho. Nikagusa alama nyingine, gari likajiunga na simu yangu, na spika zote zikaanza kucheza kitu nilichokuwa nikikisikiliza njiani nikija kwake: sauti yangu mwenyewe, niliyoirekodi nikijizoeza.

"Shikamoo baba. Nampenda sana Subira. Nitamtunza na... Aa, nimesahau! Naanza tena. Shikamoo baba..."

Nikapapasa kitufe cha kuzima, kumbe naongeza sauti. Mama yake Subira akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Mzee akanishika mkono taratibu.

"Usizime, mwanangu," akasema. "Irudishe nyuma. Mama yake hajasikia mwanzo."